Nyumba na Haki Iliyo Chini Yake

Anayenunua nyumba Tanzania Bara hulipia vitu viwili kwa bei moja: jengo, na haki ya kuitumia ardhi lilipojengwa. Ardhi yenyewe haiuzwi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inaitaja ardhi yote kuwa mali ya umma, na Rais kuwa mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kinachotoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi ni haki ya kumiliki kwa muda uliotajwa, ambao kwa kawaida ni miaka 33, 66 au 99, pamoja na masharti yaliyoandikwa kwenye hati. Jengo hukaguliwa kwa macho. Haki haionekani, na huko ndiko wengi wanakopotezea akiba ya miaka mingi. Ndiyo maana kazi kubwa ya mnunuzi hufanyika kwenye madaftari ya ofisi za ardhi, na hufanyika kabla shilingi ya kwanza haijatoka mkononi.

Mitaani nyumba hutajwa kwa karatasi zake. Dalali husema hii ina hati, ile ina ofa, nyingine ina leseni ya makazi, na ile ya bondeni ina mauziano ya serikali ya mtaa. Maneno hayo manne yana uzito tofauti kabisa, ingawa mara nyingi hutamkwa kwa sauti ile ile. Hati ni umiliki uliosajiliwa kwa Msajili wa Hati; jina lililomo daftarini ndilo la mmiliki. Ofa ni barua ya toleo: mamlaka imekubali kumgawia mtu kiwanja kilichopimwa, naye akishalipa ada na kukubali masharti ana madai mazito, lakini safari ya kupata hati bado ipo mbele yake, na atakayenunua kwa ofa ataimaliza yeye. Leseni ya makazi hutolewa katika maeneo yaliyojengwa bila kupimwa, na muda wake hauzidi miaka 5, ndipo ihuishwe. Mauziano ya serikali ya mtaa ni mkataba tu kati ya watu wawili, wenye muhuri wa mwenyekiti juu yake. Muhuri huo unathibitisha kwamba watu walikutana na wakaandikishana. Hauhamishi umiliki, kwa kuwa mwenyekiti wa mtaa si msajili wa ardhi.

Hii haimaanishi kwamba nyumba isiyo na hati isinunuliwe. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam imejengwa hivyo, na familia nyingi zimeishi humo vizazi viwili au vitatu bila kusumbuliwa. Kuna maeneo yaliyopimwa mapema, kama Sinza, iliyopangwa miaka ya 1970 katika mpango wa viwanja na huduma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaja mradi wa viwanja 20,000, uliofungua Bunju, Tuangoma, Mwanagati, Buyuni na kwingineko. Katikati ya maeneo hayo watu walijenga walipopata nafasi, na Serikali imekuwa ikiwafuata nyuma kwa urasimishaji, yaani kupima makazi yaliyokwisha kujengwa na kuyapa umiliki. Mnunuzi wa nyumba ya aina hii anapaswa kujua ananunua nini hasa, alipe bei inayolingana nayo, na aulize mapema kama mtaa umeingia kwenye urasimishaji na kiwanja kile kimo kwenye mchoro wa mipangomiji. Nyumba ambayo mchoro unapitisha barabara sebuleni mwake haitapata hati kwa sababu tu jirani amepata.

Nje kidogo ya jiji, kuelekea Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo, hujitokeza jambo jingine. Ardhi inayotangazwa kama kiwanja huenda bado ni ardhi ya kijiji, inayosimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Huko halmashauri ya kijiji ina sauti kisheria katika uhamisho wa haki ya kimila, na karatasi iliyosainiwa na mzee mmoja pembeni ya shamba haitoshi. Mtu asiye raia wa Tanzania ana kizuizi cha ziada: kwa kawaida sheria haimruhusu kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Kwa muda mrefu jambo hili liliwagusa hata Watanzania wa zamani waliochukua uraia wa nchi nyingine, ambao wengi hutuma fedha za ujenzi nyumbani kwa miaka mingi kabla ya kuuliza nyumba itaandikwa kwa jina la nani.

Nyumba ikiwa na hati, hatua ya kwanza ni upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati ya eneo husika. Mnunuzi au wakili wake hupeleka namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, hulipa ada, kisha hupewa majibu ya maandishi. Majibu hayo hutaja mmiliki aliyesajiliwa, muda uliobaki, na mizigo yote iliyokalia nyumba: rehani ya benki, zuio lililowekwa na mtu anayedai haki, au amri ya mahakama. Nakala ya hati anayoonyesha muuzaji haichukui nafasi ya upekuzi hata kidogo. Hati halisi inaweza kuwa imo kabatini mwa benki, na nakala nzuri ya rangi ikapita mikononi mwa wanunuzi watano. Upekuzi ufanywe na mnunuzi mwenyewe au wakili aliyemchagua yeye. Majibu yanayoletwa na muuzaji au dalali hayana tofauti na maneno yao.

Papo hapo inafaa kuangalia kodi ya pango la ardhi. Hulipwa kila mwaka, na deni la miaka mingi linaweza kufika mahali ambapo umiliki wenyewe unahatarishwa. Hati pia hutaja matumizi: makazi, biashara, au mchanganyiko wa hayo mawili. Anayenunua nyumba ya makazi akitarajia kufungua gesti au ghala ajue kwamba kubadili matumizi ni ombi linaloweza kukataliwa.

Baada ya karatasi huja mtu. Muuzaji ndiye yule aliyeandikwa daftarini? Kitambulisho cha taifa kilinganishwe na jina lililo kwenye hati, herufi kwa herufi. Halafu huulizwa swali ambalo kwa wengine linaonekana ni utovu wa adabu, lakini sheria inalidai: ana mwenza? Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mume au mke kuuza, kupangisha, kuweka rehani au kutoa zawadi nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lililoandikwa ni la mmoja tu. Ridhaa hiyo ipatikane kwa maandishi, mwenza akiwapo na kusaini mbele ya wakili. Mke aliyeambiwa habari za mauzo siku ya kuhama ana haki ya kwenda kuyapinga, na mnunuzi aliyekwisha lipa ndiye atakayezunguka siku nzima kwenye korido za baraza la ardhi.

Nyumba za mirathi ndizo zinazozaa kesi ndefu kuliko zote. Baba amefariki, watoto wamekaa kikao, wamekubaliana kuuza, na muhtasari wa kikao umesainiwa na kaka, dada na baba mdogo. Muhtasari huo una kazi yake: unampendekeza msimamizi wa mirathi. Haumpi mtu yeyote mamlaka ya kuuza. Mamlaka hutoka mahakamani, kwa barua ya usimamizi, na ni huyo aliyetajwa humo anayeweza kusaini mkataba. Mnunuzi mwangalifu huiomba barua hiyo, huhakikisha mahakamani kwamba bado ina nguvu, kisha hutaka warithi wote watu wazima waandike kwamba wanajua mauzo na hawayapingi. Sheria ya ukomo wa madai inampa mtu miaka 12 kudai ardhi yake, na mtoto wa nje ya ndoa au mjane aliyeachwa pembeni anaweza kujitokeza mwaka wa 8 au wa 9.

Yupo pia anayeuza kwa niaba ya ndugu aliye Muscat, London au Houston. Huyo anahitaji hati ya uwakili iliyosainiwa na mwenye mali, ikathibitishwa huko aliko kisha ikasajiliwa huku. Isomwe yote: nyingine humpa mtu mamlaka ya kukusanya kodi ya wapangaji tu, siyo kuuza. Na hukoma mara mwenye mali anapofariki. Simu ya video na mwenye nyumba, akionyesha kitambulisho chake na kutaja bei aliyokubali, haina gharama na imewaokoa wengi.

Karatasi zikikubaliana na mtu, ni zamu ya eneo. Mpima ardhi mwenye leseni hutafuta bikoni, yaani mawe ya mipaka, na kulinganisha vipimo vyake na ramani ya upimaji iliyosajiliwa. Si ajabu kukuta ukuta wa jirani umeingia hatua mbili, au choo cha nyumba inayouzwa kimesimama juu ya njia ya watu wote. Kisha huangaliwa hifadhi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka meta 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mkoa, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilizokuwa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Zilikuwa na umeme, maji, na wengine walikuwa na karatasi za kila namna. Bili ya umeme si kibali cha kujenga. Ukuta wa mbele uliopakwa rangi upya wakati pande nyingine zimefifia ni wa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu alama ya X, inayochorwa kwenye nyumba za kubomolewa, hufunikwa kwa kopo moja la rangi.

Mafuriko nayo hayaandikwi kwenye hati. Desemba 2011 mvua kubwa zilijaza bonde la Msimbazi, watu zaidi ya 40 wakafa, na baadhi ya familia zikahamishiwa Mabwepande. Nyumba iliyo bondeni hutazamwa wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na huulizwa kwa majirani, hasa wapangaji, ambao hawana faida yoyote katika mauzo. Wao ndio wanaojua maji hufika dirisha lipi, dimbwi la njiani hukauka baada ya siku ngapi, na shimo la choo hujaa mwezi gani.

Jengo lenyewe hukaguliwa kuanzia juu kwenda chini. Darini, mbao za kenchi zionwe kama zina vijia vya mchwa au zimeoza mahali zinapokutana na ukuta. Bati liangaliwe unene wake. Geji ikiwa na namba kubwa, bati ni jembamba: geji 32 ni jembamba kuliko geji 28, na karibu na bahari hewa ya chumvi hulimaliza mapema. Kwenye kuta, nyufa si za aina moja. Ufa mwembamba kama unywele ulio kwenye lipu tu ni wa kawaida. Ufa unaoshuka kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, ukapita ndani ya tofali, na kuonekana ndani na nje, unasimulia habari za msingi unaozama. Rangi inayomenyuka futi mbili au tatu kutoka sakafuni, pamoja na unga mweupe wa chumvi, ni unyevu unaopanda kutoka ardhini kwa sababu msingi haukuwekewa kizuizi cha maji. Nyumba kama hiyo inaweza kununuliwa, ila bei ishuke kwa gharama ya kuitengeneza, na gharama hiyo itajwe na fundi wa mnunuzi.

Pagale, nyumba ambayo haijaisha, hupendwa kwa bei yake. Hapo nondo ndizo za kutazama. Nguzo zilizoachwa wazi misimu kadhaa ya mvua huwa na nondo zenye kutu inayobanduka vipande vipande, na zege la juu yake halitashikamana vizuri.

Mkataba wa mauzo sharti uwe wa maandishi. Sheria haitambui mauzo ya ardhi ya maneno matupu. Uandikwe na wakili, na mnunuzi awe na wakili wake, tofauti na wa muuzaji. Gharama ya wakili wa pili huonekana kubwa mpaka siku ya mgogoro. Mkataba hutaja kiwanja kwa namba na mipaka, bei kamili, jinsi itakavyolipwa, nani atalipa kodi na ada zipi, siku ya kukabidhi nyumba ikiwa tupu, na nini kitatokea uhamisho ukikwama. Fedha zipite benki, kwenye akaunti yenye jina la muuzaji, kwa awamu: kiasi wakati wa kusaini, na sehemu kubwa ibaki hadi fomu za uhamisho zimesainiwa na kibali kimetoka. Katikati ya hapo mnunuzi anaweza kuweka zuio kwa Msajili ili nyumba ile ile isiuzwe kwa mwingine. Ujira wa dalali ujulikane mapema na uandikwe unalipwa na nani. Na asilimia 10 inayodaiwa katika baadhi ya ofisi za mtaa kwa ajili ya kugonga muhuri iombewe risiti ya Serikali. Isipopatikana, si kodi.

Ipo desturi mbaya ya kuandika bei ndogo kwenye mkataba ili kupunguza kodi. Inamwumiza mnunuzi kwa njia tatu. Mauzo yakibatilika, atadai kile kilichoandikwa tu. Mthamini wa Serikali huangalia thamani ya nyumba na bei ya soko, kwa hiyo ujanja mara nyingi hugonga mwamba mezani kwake. Na siku mnunuzi huyo atakapouza, faida yake itaonekana kubwa kuliko ilivyo, naye atatozwa kodi ya fedha ambazo hakuzipata kamwe.

Uhamisho hukamilika Msajili anapoandika jina jipya kwenye daftari. Kabla ya hapo hupita uthamini, kibali cha uhamisho, uthibitisho wa kodi kutoka Mamlaka ya Mapato (TRA) na ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1 na kwa kawaida hubebwa na mnunuzi. Wengi huchoka njiani wakaishia na mkataba na hati yenye jina la zamani. Muuzaji akifariki kabla ya kazi hii kwisha, mnunuzi ataanza upya na warithi wasiomfahamu.

Mkopo wa nyumba upo, na tangu sheria ya mwaka 2008 ya mikopo ya nyumba benki kadhaa huutoa kwa miaka mingi. Hudai hati, uthamini wa mthamini aliyesajiliwa na kipato kinachothibitika. Kwa flati, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo, pia ya mwaka 2008, inawezesha kila sehemu kuwa na hati yake. Mnunuzi aulize gharama za pamoja za lifti, ulinzi na maji kabla ya kuulizia rangi ya vigae.

Kuboresha nyumba kuna mpangilio wake, na mara nyingi hufanywa kinyume. Fedha za kwanza huenda kwenye vigae, jipsamu na rangi, kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana na wageni. Paa likivuja, jipsamu ndiyo ya kwanza kuanguka. Kazi ianze na yale yanayozuia maji: bati, mifereji ya paa, na njia ya maji kutoka uwanjani. Mahali pengi unyevu wa ukutani hupungua sana kwa kuchimba mfereji na kuinamisha ardhi kutoka kwenye msingi, kabla ya kununua dawa yoyote ya ukuta. Umeme hufuata. Nyumba iliyofungwa nyaya kwa ajili ya taa nne na redio sasa inabeba friji, pasi, jiko na kiyoyozi. Nyaya hizo hupata moto ndani ya dari. Fundi umeme awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, siyo kijana aliyejifunza kwa kuangalia. Baada ya hapo maji na choo. Tenki lililoinuliwa juu ya mnara imara na choo cha ndani hubadilisha maisha ya wenye nyumba kuliko pambo lolote. Shimo la maji taka liwe mbali na kisima, na upande ambao ardhi inateremka kutoka kwenye kisima hicho.

Nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na uani nyuma, inafaa sana kuboreshwa. Vyumba viwili vya nyuma vikigeuzwa kuwa chumba na sebule chenye choo na jiko lake, kodi hupanda na familia inapata faragha. Hapa ndipo kuta huvunjwa, na hapa ndipo inahitajika hekima kubwa kuliko haraka. Ukuta unaobeba kenchi au lenta hauondolewi kwa sababu fundi amesema hakuna shida. Msingi uliochimbwa kwa nyumba ya chini haubebi ghorofa. Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, asubuhi, watu wakiwa kazini, na wengi wakapoteza maisha. Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa katikati ya jiji lilianguka na kuua zaidi ya watu 30. Kuongeza ghorofa, kuchimba chini ya jengo au kubadilisha umbo lake kunahitaji mhandisi, na kunahitaji kibali cha ujenzi kutoka halmashauri. Kibali hicho kina faida nyingine: huthibitisha, siku ya kuuza, kwamba nyongeza ile ni halali.

Vifaa vichaguliwe na mwenye nyumba, siyo kuachwa vyote kwa fundi. Mfuko mmoja wa saruji ukifyatua tofali nyingi mno, tofali ni mchanga ulioshikana kwa muda. Lidondoshwe kutoka usawa wa kiuno, na likisambaratika lirudi lilikotoka. Mchanga wa baharini una chumvi inayoila nondo. Zege limwagiwe maji kwa siku 7 angalau, nalo huhesabiwa kufikia nguvu yake baada ya siku 28. Kuondoa mbao za slabu mapema ili ziende kwenye kazi nyingine ni kucheza na maisha. Fundi alipwe kwa hatua iliyokamilika, msingi, kuta, paa, lipu, na makubaliano yaandikwe hata kama ni mtoto wa shangazi.

Zanzibar ina sheria yake ya ardhi, na Mji Mkongwe una masharti yake. Tangu mwaka 2000 uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na ukarabati hupitia mamlaka ya hifadhi ya mji huo. Nyumba zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu zikabebwa na boriti za mikandaa. Kuta hizo hupitisha unyevu nje taratibu. Zikipigwa lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani, chokaa hulegea na boriti huoza kwenye ncha zilizofichwa ukutani, huku uso wa nje ukionekana mpya. Nyumba ya chokaa itengenezwe kwa chokaa, na mafundi wanaoijua kazi hiyo bado wapo.

Muuzaji naye ana maandalizi yake, na huanza muda mrefu kabla ya kumwita dalali. Kilicho bora ni kusafisha karatasi: kulipa pango, kuondoa rehani iliyokwisha lipwa lakini haijafutwa daftarini, kufunga mirathi, kukamilisha hati iliyokwama kwenye ofa. Shilingi iliyotumika hapo mara nyingi hurudi na faida kuliko ile ya vigae vya sebuleni, maana mnunuzi anayetegemea mkopo wa benki kwa kawaida hawezi kununua nyumba isiyo na hati. Bei hupangwa kwa kuangalia nyumba zilizouzwa kweli katika mtaa huo. Bei zinazotangazwa ni matamanio ya wauzaji. Mthamini aliyesajiliwa hutaja thamani mbili, ya soko na ya kuuza kwa haraka, na mwenye shida ya fedha anapaswa kuzijua zote mbili kabla ya kukaa na mnunuzi anayelijua tatizo lake.

Kodi ya faida ya mauzo humhusu muuzaji. Kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida, yaani bei ya kuuza ukitoa gharama ya kununua na ya kuboresha. Nyumba ikinunuliwa kwa milioni 60, ikaboreshwa kwa milioni 25 na kuuzwa milioni 110, faida ni milioni 25 na kodi ni milioni 2.5. Stakabadhi za maboresho zikikosekana, faida inaweza kusomeka milioni 50, na kodi ikapanda hadi milioni 5. Risiti za saruji, bati na nondo zilizotunzwa kwenye bahasha moja kwa miaka yote zinaokoa fedha hizo. Aliyemiliki nyumba mfululizo kwa miaka 3 au zaidi na kuishi humo kwa jumla ya miaka 3, faida yake ikiwa haizidi shilingi milioni 15, amesamehewa kodi hiyo.

Kasoro za nyumba zisemwe. Muuzaji anayeficha mgogoro wa mpaka au kesi iliyo mahakamani hajauza. Ameahirisha ugomvi, na mkataba wake unaweza kuvunjwa. Wapangaji waliomo wapewe taarifa kwa maandishi mapema, na mkataba useme kodi waliyokwisha lipa mbele itakuwa ya nani.

Siku ya makabidhiano hutembelewa vyumba vyote kwa pamoja, na orodha ya vinavyobaki, tenki, pampu, geti, feni, husainiwa na pande mbili. Mita ya umeme wa kulipia kabla (LUKU) husomwa na deni lake kuangaliwa, hasa kwa kuwa tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia umeme. Akaunti ya maji huhamishiwa jina jipya, kumbukumbu ya kodi ya pango hubadilishwa, na jirani wa kila upande huonyeshwa mmiliki mpya, wakiwa wamesimama wote kwenye bikoni.